Marejea: mboga, mbolea, sumu au ua la nyuki?

Mwezi Mei haupiti siku hizi bila ujumbe kuzunguka kwenye simu: panda maua, okoa nyuki. Tarehe 20 Mei ni Siku ya Nyuki Duniani. Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2017 na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza 2018. Ujumbe ni mwema. Shida iko kwenye picha zinazoandamana nao. Nyingi ni za bustani za Ulaya, na mtu wa Morogoro au Kakamega anabaki akijiuliza yeye apande nini.

Akitokea wa kumjibu, "panda ua pori la asili, kwa mfano marejea," ubishi unaanza. Mmoja atasema marejea ni mbolea ya shamba, si ua la bustani. Wa Kisumu atasema hiyo ni mitoo, mboga aliyokulia. Wa tatu ataonya kwamba ni sumu ya mifugo. Wa nne atatuma picha ya alizeti mwitu aliyoipiga kando ya barabara na kuuliza kama ndiyo yenyewe.

Mimi niliyapanda marejea, mmea wa maua ya njano wa jamii moja na kunde, kwenye ukingo wa bustani yangu, mstari wa hatua kumi hivi. Yalipokaribia kuchanua, mzee mmoja jirani alipita akasimama kuyatazama. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hayo umepandia udongo au umepandia nyuki?"

"Vyote viwili, mzee."

Akatikisa kichwa. "Havipatani hivyo. Chagua."

Ulipita msimu mzima kabla ya kumwelewa, na alichokisema ndicho kiini cha makala haya. Lakini kwanza tumjibu yule wa nne mwenye picha, maana kosa lake ndilo linalofanywa na wengi zaidi.

Kuota porini na kuwa wa asili ni mambo mawili

Ua pori ni ua lolote linaloota bila kupandwa na mtu. Mmea wa asili ni ule uliokuwepo katika nchi kabla ya watu kuuleta kutoka mbali. Mmea mgeni ni ule ulioletwa, kwa kusudi au kwa bahati mbaya. Wageni wengi hawana neno. Mahindi ni mgeni kutoka Amerika na yanatulisha. Mmea mvamizi ni mgeni aliyekataa kukaa alipowekwa: anaenea mwenyewe na kuwafukuza wenyeji. Ama neno gugu, hilo si la mtaalamu wa mimea, ni la mkulima. Ni mmea wowote ulioota mahali asipoutaka. Hata mahindi yaliyojiotea katikati ya maharage ni gugu.

Alizeti mwitu, ile yenye maua makubwa ya njano inayofunga kingo za barabara nyanda za juu, asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Inaota porini kwetu, lakini si ya asili kwetu. Nyuki huifuata, kweli, na wakulima wa magharibi mwa Kenya hukata majani yake kurutubisha udongo. Sisemi mtu aende kuing'oa kwenye uzio wa jirani. Ila ikishaziba ukingo wa mto, chini ya kivuli chake mimea mingine huota kwa shida, na kwa sababu hiyo siwezi kumshauri mtu aipeleke mahali ambapo haijafika.

Kuna mfano mzito zaidi. Mti wa *Senna spectabilis*, wenye maua ya njano ya kupendeza mno, uliletwa kutoka Amerika ya kitropiki. Leo ni mmoja wa wavamizi wanaosumbua msitu wa Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, nyumbani kwa sokwe. Uzuri wa ua haukuambii lolote kuhusu lilikotoka.

Marejea ni jina la ukoo

Marejea yako katika jamii ya mikunde, pamoja na kunde, maharage na mbaazi. Jina la kitaalamu la ukoo wake ni *Crotalaria*. Ukoo huu una aina zinazokaribia 700, na zilizo nyingi ni za Afrika. Jina limetoka kwenye neno la Kigiriki la ala ya kugonganisha mikononi, kwa sababu maganda yaliyokauka yakitikiswa hulia. Sisi tungeuita ukoo wa kayamba.

Ugomvi mwingi unatokana na jina moja kubeba vitu vingi. Fikiria dagaa. Dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza wote ni dagaa sokoni, lakini ni samaki wa jamii mbili tofauti kabisa. Ndivyo ilivyo kwa marejea. Yanayojulikana zaidi Tanzania ni *Crotalaria ochroleuca*, mmea wa Afrika ya kitropiki wenye maua ya njano iliyopauka. Ndiyo ambayo Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki wa Peramiho, huko Songea, na hasa Padre Gerold Rupper, waliyapigia debe kwa wakulima miaka ya 1980 ili kurutubisha mashamba yaliyochoka. Mmea huohuo ni mboga magharibi mwa Kenya, ile mitoo isiyo chungu. Nduguye, *Crotalaria brevidens*, ana njano iliyokolea, majani yenye kuelekea rangi ya buluu kidogo, na uchungu ambao waliouzoea hawakubali kuukosa.

Halafu yupo *Crotalaria juncea*, mmea wa India, nao huuzwa kama mbolea ya kijani, na kuna wanaouita marejea vilevile. Kumtenganisha na hao wawili ni rahisi. Tazama jani. La *juncea* ni moja, refu, limekaa peke yake kwenye kikonyo. La *ochroleuca* na *brevidens* limegawanyika vijani vitatu, kama la kunde. Ukitaka ua la asili la bustani, hesabu vijani kabla ya kununua mbegu, au muulize muuzaji akuonyeshe mmea mama.

Jahazi lenye mlango uliofungwa

Sasa tusogee karibu. Uchavushaji ni safari ya chavua, ule unga wa kiume wa ua, mpaka kwenye sehemu ya kike ili mbegu ipatikane. Mbochi ni maji matamu ambayo ua huyatoa kama nauli kwa anayebeba chavua. Nyuki hutafuta vyote viwili: mbochi kwa nguvu zake, chavua kwa kulishia watoto.

Chuma ua moja la marejea ulitazame. Petali zake tano zimegawana kazi kama sehemu za jahazi. Ile kubwa ya nyuma imesimama kama tanga, na ndiyo inayoonekana kwa mbali. Ina mistari myembamba ya rangi ya damu ya mzee inayoshuka kwenda ndani, kama mishale ya barabarani inayomwelekeza mgeni mbochi iliko. Mbili za pembeni ni mabawa. Hapo ndipo mgeni anatua. Mbili za chini zimeungana zikafanya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, na ncha ya mkuku imepinda kwenda juu mfano wa mdomo wa ndege. Viungo vyote vya uzazi vimefichwa ndani ya mkuku huo.

Ua la boga liko wazi kama sinia, anayefika anakula. Ua la marejea limefungwa. Kulifungua kunahitaji uzito: mgeni akanyage mabawa, ashike kwa miguu, asukume kichwa chini ya tanga mpaka mkuku ushuke. Unaposhuka, chavua inasukumwa nje kupitia ile ncha iliyopinda kama dawa ya meno inavyotoka kwenye tyubu iliyobinywa, na inampaka tumboni. Akiondoka, mkuku unarudi mahali pake, na chavua iliyobaki inamsubiri mgeni mwingine. Unaweza kulijaribu mwenyewe. Shika mabawa kwa vidole viwili uyavute chini taratibu, na uzi mdogo wa unga wa njano utachomoza nchani.

Je, ni nani mwenye ubavu huo? Asubuhi jua likishachangamka utamsikia kabla hujamwona, mvumo mzito kama wa pikipiki ya mbali. Ni nyuki seremala, yule mkubwa mweusi anayetoboa boriti na nguzo za banda. Anatua, na kishada kizima kinainama kwa uzito wake. Anazamisha kichwa sekunde mbili tatu, anachomoka, na shina linabaki likitikisika wakati yeye ameshafika ua la tatu. Wapo pia nyuki wakata majani, wadogo kuliko yeye lakini wenye nguvu. Hao ndio wanaoacha matobo ya duara safi kwenye majani ya mawaridi, na watu wakadhani ni ugonjwa. Nyuki wa asali naye hufika, lakini ni mwepesi mno kuufungua mlango huu kwa uhakika.

Nimekaa hapa kwa muda kwa sababu ndipo ulipo upotovu mkubwa wa mazungumzo yetu kuhusu nyuki. Tukisema nyuki tunamwona wa asali na mzinga wake. Duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na nyingi haziishi mzingani wala hazina asali ya kuvuna. Jike la nyuki seremala hutoboa njia ndani ya mbao kavu, huweka donge la chavua na mbochi, hutaga yai juu yake, kisha huziba chumba kwa vumbi la mbao na kuanza chumba kingine. Vumbi linalodondoka chini ya paa la banda ni mama anayejenga, na mara nyingi anamwagiwa mafuta ya taa kwa kosa hilo.

Anayelima pasheni ajue anamwagia nani. Ua la pasheni ni pana, na nyuki wa asali hupita chini bila kugusa panapotakiwa. Nyuki seremala ndiye mwenye kimo kinachofaa. Kwa pasheni ya njano, ambayo kwa kawaida haizai kwa chavua yake yenyewe, bila yeye mkulima huchukua brashi na kupita ua kwa ua. Nyanya na biringanya nazo zina chavua iliyofungiwa kwenye vijaluba vinavyohitaji kutetemeshwa. Nyuki seremala na wenzake kadhaa wa upweke, wale wanaoishi mmoja mmoja bila mzinga, hulikumbatia ua na kulitetemesha kwa misuli ya mabawa. Nyuki wa asali hana ufundi huo.

Lakini pasheni haichanui mwaka mzima, na nyuki huyu anaishi miezi mingi. Msimu ukipita atakula nini? Akikosa, anahama, na pasheni ikichanua tena hayupo. Hapo ndipo mstari wa marejea kwenye ukingo unapopata maana kubwa kuliko pambo.

Kalenda nne zinazogongana

Nimrudie mzee wangu. Udongo na nyuki havipatani kwa nini, wakati mmea ni uleule?

Mbolea ya marejea inatokana na hewa. Karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, chakula kikuu cha majani, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa hewani. Ni kama mtu mwenye noti za kigeni kwenye kijiji kinachopokea shilingi tu. Mikunde ina mahali pake pa kubadilishia fedha: bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi, ambao hugeuza naitrojeni ya hewa kuwa ile mmea unayoweza kuila, nao mmea huwalipa sukari. Ng'oa marejea ya wiki sita taratibu, suuza mizizi, pasua kinundu kimoja kwa ukucha. Ndani kikiwa na rangi ya waridi, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe bado hakijaanza, na cha kijani au kahawia kimeshachoka.

Anayetaka mbolea anatakiwa kufyeka mmea unapoanza tu kuchanua, shina likiwa bado laini, na kuulaza udongoni. Akichelewa, utajiri unahamia kwenye mbegu na shina linakuwa gumu kama kuni. Maana yake anafyeka siku ileile nyuki anapokaribishwa mezani.

Anayetaka mboga anachuma vichipukizi vichanga kabla ya maua, na kila anapochuma mmea unatoa matawi mapya na kuahirisha kuchanua. Anayetaka nyuki lazima auache uchanue mpaka mwisho. Anayetaka mbegu asubiri zaidi, hadi maganda yakauke, na kufikia hapo mbolea aliyoitarajia sehemu kubwa imeshakwenda.

Kwa hiyo mtu akikuambia marejea yanalisha udongo, nyuki na familia kwa mpigo mmoja, amekuuzia shamba mara tatu. Ninachofanya sasa ni kugawa mstari. Theluthi moja nafyeka kwa udongo. Theluthi ya pili nachuma majani, kisha naiachia ichanue kwa kuchelewa, jambo linalorefusha msimu wa nyuki bila gharama. Theluthi ya tatu, iliyo karibu na pasheni, siigusi kabisa. Aliye na nafasi ya mashina sita tu asijisumbue kugawa. Ayaache yote yachanue, na udongo autafutie samadi.

Na sumu?

Ipo. Wanaoonya wana haki, na anayewacheka anahatarisha mifugo ya watu.

Ukoo huu hutengeneza alkaloidi za kundi liitwalo pirolizidini, ambazo huharibu ini polepole. Mnyama anaweza kula leo na kuonekana mzima, akadhoofu baada ya majuma. Farasi na punda ni miongoni mwa walio hatarini zaidi. Kiasi cha sumu hutofautiana sana kati ya aina na aina, na mara nyingi mbegu ndizo zenye nyingi. Binadamu pia wamewahi kudhurika: miaka ya 1970, huko Sarguja nchini India, watu waliugua na wengine kufa baada ya kula nafaka iliyochanganyika na mbegu za jamii ya *Crotalaria* zilizoota shambani.

Mbona basi watu wa magharibi mwa Kenya wanakula mitoo vizazi na vizazi? Wanakula aina mbili zinazojulikana, *ochroleuca* na *brevidens*, na wanakula majani machanga yaliyopikwa, mara nyingi pamoja na mrenda, kunde au maziwa. Hawali mbegu, wala hawachumi ua lolote la njano linalofanana. Huo ni ujuzi wa jikoni uliorithiwa, na haugeuki kuwa ruhusa kwa mtu aliyeona mmea kwenye picha. Uchungu nao usiuchukulie kama kipimo cha sumu. Mitoo chungu inaliwa, na zipo jamaa zake za porini ambazo ulimi hauwezi kukuonya. Hata kile kipimo cha vijani vitatu nilichokitaja kinamtenga yule wa India tu. Aina nyingi za porini zina vijani vitatu na si chakula. Kama hukukua na mboga hii, nunua mbegu kwa anayeilima kwa kula, au panda kwa ajili ya nyuki peke yao.

Bustanini utaratibu ni mfupi. Usipande pembeni mwa zizi, usiwape mbuzi mashina yenye maganda, usikaushe mbegu kwenye mkeka mmoja na ulezi au mtama, na watoto wasichezee mbegu midomoni ingawa kayamba lake linavutia.

Sumu hiyohiyo ina wateja wake. Vunja tawi la marejea uliache likauke palepale likining'inia, kisha lichungulie siku moja mbili baadaye. Yawezekana ukakuta vipepeo wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi zilizonyunyiziwa madoa meupe wameling'ang'ania, mgongo kwa mgongo, na maua mazuri yako hatua moja pembeni hawayatazami. Jina lao la kitaalamu ni *Danaus chrysippus*, na karibu wote hapo ni madume. Wanakwangua jani lililonyauka na kunyonya zile alkaloidi. Sehemu wanaitumia kutengeneza manukato ya kumposea jike, na nyingine inawafanya wawe wachungu kwa ndege. Yuko pia nondo mweupe mwenye madoa mekundu na meusi ambaye viwavi wake hula maganda ya marejea na kubeba sumu hiyo mwilini kwa kinga. Nilipowaona mara ya kwanza nilikaribia kwenda kutafuta dawa ya kupulizia. Nafurahi sikwenda, kwa sababu dawa hiyo isingechagua kati ya kiwavi na nyuki aliye ndani ya ua lililo juu yake.

Kuyapanda

Subiri mvua ishike, iwe vuli au masika. Mbegu zina ganda gumu, hivyo ziloweke usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu na asubuhi zipande, kina cha sentimita moja au mbili. Chagua mahali pa jua la kutosha pasipotuama maji. Kwa mbolea watu humwaga mbegu kwa wingi. Kwa nyuki fanya kinyume, punguza miche mpaka ibaki shina moja kila hatua moja ndogo, kwa sababu mmea wenye nafasi hutanuka matawi, na kila tawi hubeba kishada chake. Palilia mwezi wa kwanza, baada ya hapo yatajitetea yenyewe. Hufikia urefu wa mtu na hata kuzidi, kwa hiyo yakae nyuma ya nyanya, yasizizibie jua.

Usiweke yurea. Ukiupa mmea naitrojeni ya bure, unaacha kushughulika na bakteria wake, na unapata majani mengi na maua machache. Tangu kupanda hadi maua ya kwanza hesabu kama miezi miwili hadi mitatu kulingana na aina na baridi ya mahali. Panda kidogo, rudia baada ya wiki tatu au nne wakati mvua bado ipo, na meza ya nyuki haitakunjwa yote siku moja.

Kwa kuwa mlango wa marejea hauwafungukii wote, wape wadogo ua lililo wazi karibu yake. La asili ninalolipenda ni *Aspilia mossambicensis*, ua dogo la njano mfano wa alizeti ya mwanasesere, linaloota lenyewe kwenye vichaka vyetu vingi. Ndilo ambalo sokwe wa Gombe na Mahale wameonekana wakimeza majani yake mazima bila kuyatafuna. Nyuki wa asali na wale wadogo wasiouma hupata nafasi hapo. Walio nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania wana ndugu mwingine wa marejea, kichaka cha *Crotalaria agatiflora*, chenye maua makubwa ya njano ya kijani yanayoning'inia kama ndege walioshikiliwa kwa midomo. Hicho hutembelewa na nyuki seremala na ndege chozi pia. Wenzetu walioko ughaibuni wasiombe watumiwe mbegu zake: Australia kichaka hichohicho kimeshatoroka bustanini na kuenea porini. Huku ni mwenyeji, kule ni mgeni.

Wengi huniuliza kama maua ya namna hii hayatawaletea watoto hatari ya kuumwa. Nyuki wa asali hulinda mzinga, halindi ua. Aliye uani anatafuta chakula na hana cha kupigania. Nyuki seremala jike huuma akishikwa mkononi, dume hana mwiba kabisa, japo ndiye mwenye kelele za kutisha. Hata hivyo, mwenye mtu wa mzio nyumbani aweke mstari mbali na mlango na njia ya kupita, na mzinga usiwekwe hapo.

Maua pekee hayamfugi nyuki asiye na pa kulala. Acha gogo moja kavu au nguzo ya zamani isiyopakwa rangi ambapo seremala atatoboa badala ya boriti ya nyumba yako. Acha kipande cha udongo kisichofagiliwa, kwa sababu nyuki wengi wa upweke huchimba chini. Chombo cha maji kiwe na mawe ya kukanyagia.

Maganda yakigeuka kahawia na kuanza kulia kayamba, yakate asubuhi mapema wakati umande haujakauka. Saa sita hupasuka na mbegu utakutana nazo msimu ujao mahali usipopapanga. Yaanike ndani ya gunia, yapigepige, pepeta, kisha weka kwenye chupa na uandike juu yake ni aina gani na kwamba si za kula. Mashina matupu niliyaacha yasimame mwaka jana kwa uvivu wa wiki mbili. Juzi nilipokwenda kuyafyeka nilikuta moja lililovunjika juu limezibwa mdomo kwa vipande vya majani vilivyokatwa duara, vimepangwa kimoja juu ya kingine kama visoda. Nimeyaacha mpaka mvua zianze.